Nyumba Haiishii Ukutani

Haya ni mazungumzo na wanafunzi wa klabu ya afya katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, ili na wewe ambaye hukuwepo uyapate.

    

Leo sikuja kuwaambia mnawe mikono. Hilo mmeambiwa tangu chekechea, na anayenawa ananawa, asiyenawa ana sababu zake. Leo nataka tuzungumze juu ya nyumba. Siyo nyumba ya kwenye magazeti yenye bustani na gari mbili. Nyumba ya kwenu. Ile uliyotoka asubuhi hii ukiwa na madaftari mkononi.

Hebu ifikirie kidogo. Labda ni nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na uwani nyuma, mmekaa wapangaji wanne. Labda ni ile ambayo mzee anaijenga tangu hujazaliwa, chumba kimoja kila akipata fedha, na mpaka leo upande mmoja hauna bati. Labda ina ukuta na geti, na juu ya ukuta kuna vipande vya chupa ili mwizi asipite. Nyumba za namna hii ndizo zilizojaa huku kwetu pembezoni mwa mji, na watu wanajivunia, na wana haki. Kujenga siyo mchezo.

Sasa swali langu ni hili. Huo ukuta unazuia nini? Mwizi, sawa. Mbuzi wa jirani, sawa. Je, mbu anauona huo ukuta? Maji yanayopita chini ya ardhi yanapiga hodi getini? Moshi je?

Mnacheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, mpaka mwaka 2019.

Mwaka ule nyumbani kwetu

Nitawaeleza jambo lililotokea nyumbani kwetu, na naomba mlisikilize vizuri kwa sababu makosa yaliyomo humo ni yetu sisi wenyewe.

Baba yetu alijenga nyumba pembezoni mwa jiji. Alianza na vyumba viwili, akaongeza vingine pole pole. Wakati wa ujenzi fundi alichimba tangi la ardhini la kuhifadhia maji ya kukorogea zege. Nyumba ilipofikia mahali pa kukalika, tukahamia. Tangi likabaki pale pembeni, limefunikwa kwa mbao mbili na bati bovu. Maji yake tulitumia kumwagilia maua ya mama. Mama anapenda maua, ameyapanda kwenye makopo ya rangi na ndoo zilizotoboka. Bafuni tulikuwa na pipa kubwa, maana maji ya bomba yalikuwa yanakuja kwa siku zake. Nyumba yetu ilikuwa safi bwana. Uwanja unafagiliwa kila asubuhi. Ungekuja ungesema hapa hakuna ugonjwa.

Jirani yetu wa upande wa barabarani ni mama mmoja ambaye kijana wake anaziba pancha. Kwa hiyo pale kwao kuna lundo la matairi mabovu. Sisi tulikuwa tunamsema sana yule mama. Kila mbu akituuma tunasema, "Ni yale matairi yake."

Mwezi wa tano mwaka ule, mdogo wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha pili, aliamka na homa kali. Kichwa kinamuuma, anasema macho yanamuuma kwa ndani, viungo vyote vinauma kama amepigwa. Sisi tukafanya nini? Tukafanya kama wengi wanavyofanya. Tukasema hiyo ni malaria. Hatukumpima. Nikatumwa mimi duka la dawa, nikanunua dawa ya malaria, na kwa sababu maumivu yalikuwa makali nikaongeza vidonge vya diklofenaki. Nilivinunua mimi mwenyewe kwa mkono wangu huu.

Siku ya nne homa ilishuka. Tukafurahi. Mama akapika uji. Jioni ile ile mdogo wangu akaanza kulalamika tumbo, akatapika mara nyingi, na alipopiga mswaki mate yakawa mekundu. Fizi zilikuwa zinatoka damu na hazikomi. Usiku ule tulikodi gari kwenda hospitali. Barabarani hakuna aliyesema neno.

Ilikuwa ni homa ya dengi, ambayo wengine huiita kidingapopo. Daktari alipouliza amekunywa dawa gani, nikamtajia. Aliniangalia tu. Kisha akasema, "Kijana, zile za maumivu zinaongeza hatari ya kutoka damu. Usirudie tena." Alilazwa siku tano. Alipona. Namshukuru Mungu kwamba leo naweza kuwasimulia nikiwa nimesimama wima.

Mbu wa mchana

Mwaka 2019 haukuwa mwaka wa kwanza. Dengi ilizuka Dar es Salaam mwaka 2010, ikarudi mwaka 2014 na kusumbua watu wengi, na ikarudi tena mwaka 2019. Basi ijue ilivyo.

Dengi inaletwa na virusi. Huwezi kuipata kwa kushikana mikono wala kula sahani moja na mgonjwa. Anayeisambaza ni mbu aitwaye Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo ukisema "mimi nalala ndani ya chandarua," umejikinga na mbu wa malaria, na uendelee hivyo hivyo, usikiache chandarua. Lakini huyu mwingine anakukuta umekaa barazani unafanya hesabu.

Sikiliza sasa tabia zake. Kwanza, hapendi maji machafu ya mtaroni. Anapenda maji ya ndani ya vyombo: pipa, ndoo, kopo, kifuu cha nazi, tairi, sahani iliyo chini ya ua. Pili, kutoka yai mpaka mbu kamili huchukua kama siku saba mpaka kumi, kukiwa na joto kama la kwetu. Tatu, kwa kawaida haruki zaidi ya mita 400 kutoka alipozaliwa, na mara nyingi haendi hata nusu ya hapo. Nne, na hili ndilo lililotushinda sisi, hutaga mayai yake kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Ukimwaga maji, mayai yamebaki yameganda pale pale. Yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, siku mvua ikinyesha yanaanguliwa.

Siku mbili baada ya mdogo wangu kulazwa, bwana afya wa kata alikuja nyumbani. Baba alimpokea vizuri, akamwonyesha kwa kidole yale matairi ya jirani. Bwana afya akasema, "Huko nitakwenda, mzee. Naomba kwanza tochi."

Akaanza uwani kwetu. Kwenye makopo ya maua ya mama, viluwiluwi. Kwenye pipa la bafuni, ambalo tulikuwa tunalijaza bila kulisugua, viluwiluwi. Akaondoa zile mbao za tangi la ardhini, akamulika. Baba aliinama akaangalia mwenyewe. Maji yalikuwa yanacheza, kama mvua inanyesha kutoka chini. Hakuna aliyetaja matairi tena.

Halafu akaenda kwa jirani, na humo ndani ya matairi pia walikuwemo. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunawalea wetu na yeye anawalea wake, na wote wanakula pamoja. Tena tukaambiwa kwamba kijana wake aliugua wiki mbili kabla ya mdogo wangu, na sisi hatukujua kwa sababu tulikuwa hatusalimiani. Jioni ile baba alivaa kanzu yake akaenda kwa yule mama. Sijui walizungumza nini. Ninachojua, Jumamosi iliyofuata matairi yalitobolewa yasishike maji, na mbao zile za tangi zikatolewa, likawekwa mfuniko wa zege.

Ukipata homa ufanye nini?

Hili naomba uliandike, maana linaweza kukusaidia kabla hata mwaka haujaisha.

Homa yoyote, nenda ukapimwe. Kipimo cha malaria cha haraka kinatoa jibu kwa dakika chache kwa tone moja la damu. Ukiwa nayo, utapewa dawa mseto na uimalize yote hata ukijisikia nafuu. Ukiwa huna, basi kuna kitu kingine, na dawa ya malaria haitakusaidia.

Kwa homa na maumivu wakati hujajua ni ugonjwa gani, tumia parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Usitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki mpaka iwe imejulikana siyo dengi. Kunywa maji kwa wingi.

Dengi ina ujanja. Siku za hatari mara nyingi ni pale homa inaposhuka. Ukiona tumbo linauma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, au mgonjwa amelegea au anahangaika isivyo kawaida, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali. Na kama uliwahi kuugua dengi zamani, usijione umepona moja kwa moja. Virusi vyake viko vya aina nne, na kuugua mara ya pili kwa aina nyingine kunaweza kuwa kubaya zaidi.

Choo, kisima na jirani

Tutoke kwa mbu wa mchana, twende uani nyuma kabisa. Mnajua pa kwenda. Chooni.

Choo cha shimo chenye maji, karo lililopasuka na mtaro wa maji machafu ndiyo makazi ya mbu mwingine, Culex, yule anayeimba sikioni usiku. Huku pwani huyu ndiye anayesambaza minyoo ya matende na mabusha. Watu wa Makunduchi kule Unguja wana habari yake nzuri. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga punje ndogo za plastiki nyepesi kwenye vyoo vya shimo vyenye maji. Punje zikaelea zikafunika maji yote, mbu hapati pa kutagia na viluwiluwi havipati hewa. Wananchi wakapewa pia dawa ya minyoo. Mbu wakapungua sana, na maambukizo yakapungua. Si ajabu? Ugonjwa wa kutisha, na nusu ya dawa yake iliwekwa chooni.

Lakini jambo kubwa zaidi la choo ni maji ya kunywa. Nitawapeleka mbali kidogo, London, mwaka 1854. Kulikuwa na mtaa unaitwa Broad Street, na kisima cha pampu kilichopendwa kwa maji yake matamu. Mwisho wa mwezi wa nane kipindupindu kikalipuka pale. Katika muda wa siku kumi tu walikufa watu zaidi ya 500. Wakubwa wengi wa wakati ule waliamini kwamba ugonjwa unaletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, hakuamini. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza: nani amekufa hapa, na alikuwa anakunywa maji ya wapi? Akakuta vifo vimezunguka pampu ile. Akakuta wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha pale pale, waliokuwa wanakunywa bia badala ya maji ya pampu, hawakuugua sana. Akakuta mama mmoja mjane aliyekuwa anaishi mbali kabisa amekufa, kwa sababu aliyapenda maji yale mpaka akawa analetewa. Wakuu wa mtaa wakakubali, na tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa.

Baadaye padri mmoja wa mtaa ule, Henry Whitehead, ambaye mwanzoni alikuwa anampinga Snow, akatafuta chanzo. Kilikuwa nyumba namba 40, jirani kabisa na pampu. Humo kulikuwa na mtoto mchanga aliyeharisha. Mama yake alifua nepi, na maji yake akayamwaga kwenye shimo la maji taka mbele ya nyumba. Shimo lile kuta zake zilikuwa zimeoza, na kutoka hapo mpaka kisimani haikufika hata mita moja. Mama yule hakuwa mchafu. Alikuwa anamuuguza mwanawe, na kile alichokimwaga nyumbani kwake kikaenda kuua mtaa mzima.

Utasema hayo ni ya Wazungu wa zamani. Basi njoo hapa. Mwezi wa nane mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingine mingi ya nchi yetu. Na sisi tuna tabia moja ambayo hata Broad Street hawakuwa nayo. Mvua kubwa ikinyesha, mtu anatoboa choo chake ili uchafu uchukuliwe na maji. Tunaita kutapisha choo. Tunasema mvua itapeleka. Inapeleka wapi? Kwa mwenzako wa bondeni, na yeye ana watoto wanaocheza kwenye hayo maji, na ana kisima.

Kipimo kinachoshauriwa ni kwamba choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Hizo ni kama hatua 40 ndefu za mtu mzima. Sasa nenda kapime nyumbani. Ikiwa kiwanja chenu kina mita 20 kwa 20, hizo hatua 40 utazipata wapi? Huzipati! Na hata mkifaulu kuweka choo kona hii na kisima kona ile, choo cha jirani kiko nyuma tu ya ukuta wenu. Kwa hiyo katika mitaa iliyobanana, hesabu kwamba maji ya kisima kifupi si salama mpaka yametibiwa. Yatumie kufulia na kudekia. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kabisa, au tia dawa ya kutibu maji kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, kisha uyahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Na mtu akiharisha sana, anzeni kumpa maji ya chumvi na sukari huku mkimpeleka hospitali: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Pakiti za dawa hiyo zikiwepo, ni bora zaidi.

Jiko usilale nalo

La mwisho kuhusu nyumba ni fupi, lakini limeua watu wamelala. Wakati wa mvua au baridi mtu anaona jiko la mkaa limebakiza moto mzuri, anaona kuliacha nje ni hasara, analiingiza chumbani, anafunga dirisha. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hukohoi. Kichwa kinauma, unasikia usingizi, na usingizi ule huenda usiamke. Usiseme moshi umeisha, kwa hiyo hakuna hatari. Moto wowote wa mkaa ubaki nje. Na mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda kamwe. Mtoto mdogo hajui kusoma, anajua chupa. Akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa ya kumlazimisha. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe.

"Mimi ni mtoto tu, nitasema nini?"

Najua mnachofikiri. Mnafikiri, huyu anasema vizuri, lakini nyumba siyo yangu. Ni ya baba, au ya mwenye nyumba. Nikiinuka mbele ya mzee nikasema choo chako kiko vibaya, nitalala wapi?

Ni kweli. Mtoto hamfokei mzazi wake, na mimi sikutumi ukafanye hivyo. Lakini kuna namna ya kusema. Usiende na lawama, nenda na kazi. Mwambie hivi:

"Shikamoo baba. Nina kazi ya klabu ya shule, naomba unisaidie dakika tano."

"Marahaba. Kazi gani?"

"Tumeambiwa tupime hatua kutoka chooni mpaka kisimani. Inatakiwa 40. Mimi nimepata 14. Naomba uhesabu wewe, labda nimekosea."

Atahesabu. Pengine atakasirika kidogo: "Kwa hiyo unataka nihamishe kisima?"

"Hapana baba. Naomba tu maji ya kunywa tuwe tunayachemsha, mimi nitasimamia. Ya kisima tubakize ya kufulia."

Umeona? Hukumwambia amekosea. Umempa hesabu akaiona mwenyewe, na kazi umeichukua wewe. Wazazi wengi hawakatai jambo jema, wanakataa kudharauliwa. Akikataa mara ya kwanza, usinune. Chemsha hata lita mbili zako na za wadogo zako.

Kama ninyi ni wapangaji, zungumzeni wapangaji wote kwanza, ndipo mwende kwa mwenye nyumba mkiwa pamoja. Mmoja akienda peke yake ataambiwa hama. Jambo likiwa la mtaa mzima, kama mtaro ulioziba au mtu anayetapisha choo, kuna mjumbe wenu na kuna ofisi ya serikali ya mtaa. Klabu yenu iandike barua, mwalimu aisome, mwende na nakala.

Na msidhani watu wa kawaida hawawezi. Kuanzia mwaka 2004 hapa Dar es Salaam kulikuwa na mpango wa kupambana na malaria mijini katika kata 15. Waliokuwa wanapita kutafuta madimbwi ya mbu na kuyawekea dawa ya kuua viluwiluwi walikuwa wakazi wa mitaa ile ile, waliopatikana kupitia ofisi za mitaa. Hawakuwa madaktari. Walikuwa wanaijua mitaa yao, ni hilo tu.

Kazi ya wiki hii

Chagua siku moja ya wiki. Mimi nachagua Jumamosi. Kwa nini mara moja kwa wiki? Kwa sababu mbu anahitaji siku saba au zaidi. Ukimvunjia kila siku ya saba, hamalizi shule.

1. Zunguka ndani. Pipa, ndoo za akiba, trei ya chini ya jokofu kama mnalo. Mwaga, halafu sugua kuta za chombo kwa brashi. Kumwaga peke yake hakutoshi.

2. Zunguka uwani. Makopo, vifuu, matairi, makopo ya maua, mfereji wa bati uliozibwa na majani. Kisichohitajika kitupwe, kinachohitajika kifunikwe au kipinduliwe.

3. Zunguka nje ya ukuta, hatua 50 kila upande. Usiingie kwa mtu bila hodi. Angalia tu, uandike.

4. Hesabu hatua kutoka chooni mpaka kisimani, chenu na cha jirani.

5. Piga hodi nyumba moja. Msalimie mkubwa wa pale. Mwambie ulichokikuta kwenu kwanza, ndipo useme ya kwake. Ukianza na ya kwake, umeharibu.

Hiyo ya tano ndiyo ngumu, na ndiyo ambayo sisi ilitushinda. Tulikaa miaka tukimsema yule mama juu ya ukuta. Kumbe siku tungepiga hodi, tungeambiwa kijana wake anaumwa nini, na mimi nisingekwenda kununua vile vidonge.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tulikuwa nao tayari, mrefu, na juu vipande vya chupa. Ufa ulikuwa chini ya mbao mbili, karibu na maua ya mama.

Kesho ni Jumamosi. Beba tochi.

 Sasa nani ana swali? Wewe dada wa mbele, karibu.